Mhafidhina nisiye na mgombea: nyie mnafanyaje Novemba 5, 2024 kwenye uchaguzi wa rais Marekani?

Mangi_PA

Wakuu habari za jumamosi, leo Oktoba 26, 2024. Swali hili ni kwa wale mliochukua uraia huku Marekani na mnapiga kura Novemba 5, ila hata walioko nyumbani wenye la kusema karibuni, naomba tu tusitukanane.

Mi ni mtu wa Rombo, naishi Pennsylvania, Mkatoliki, na tangu nilipoapa nimekua nikiwapigia Republican. Mnajua Tanzania hairuhusu uraia pacha kwahiyo nyumbani sipigi kura tena, hata nikienda Rombo naenda kwa viza kama mgeni yeyote. Hii ya huku ndo kura pekee niliyo nayo duniani na siwezi kuitupa hovyo. Sasa safari hii naangalia sampuli ya karatasi ya kura, pale juu kabisa kwenye rais, sioni mtu wangu. Sio kwamba kuna mmoja kaniudhi nikaamua kumsusia, ni wote wawili.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Sikuingia Republican kwa ajili ya Trump. Niliingia kwa sababu ndo chama kilichokua kinasema wazi kwamba mtoto aliye tumboni ni mtu, na kwamba serikali isitumie hela ambayo haina, na watu waachwe wafanye biashara bila ushuru wa kila kitu, na kiongozi awe mtu ambaye unaweza ukamwonyesha mwanao ukamwambia uwe kama huyu. Hilo la mwisho wengi wanaliona la kizee lakini mi ndo lililonivuta zaidi. Mwaka 1998 wakati wa sakata la Clinton, Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio kabisa kwenye mkutano wao kwamba tabia ya kiongozi ni jambo la msingi na taifa likivumilia uovu mkubwa wa viongozi wake dhamiri yake inakufa ganzi. Mi sio Mbaptisti ila naunga mkono kila neno. Leo watu walewale ukiwakumbusha wanakujibu hatuchagui mchungaji tunachagua rais.

Haya tuje kwenye ilani. Tangu enzi za Reagan ilani ya Republican ilikua inadai ulinzi wa kikatiba kwa mtoto ambaye hajazaliwa, miaka 40 na zaidi, wamepita wagombea wa kila aina na hakuna aliyethubutu kuugusa ule mstari. Julai mwaka huu pale Milwaukee wakaja na ilani ya kurasa 16, ule mstari wameutoa, wameweka kwamba majimbo yaamue yenyewe, na hakuna aliyepiga kelele ukumbini. Agosti Trump akaandika kwamba serikali yake itakua nzuri kwa wanawake na haki zao za uzazi, yaani maneno yaleyale ya upande wa pili. Wiki hiyohiyo au iliyofuata akaahidi serikali au bima zitalipia watu upandikizaji wa mimba wa maabara, jambo ambalo Kanisa limelikataa miaka yote, na hela za kulipia hajasema zinatoka wapi. Mwanzoni mwa mwezi huu akasema sheria ya kitaifa ya kuzuia kutoa mimba ikimfikia mezani ataipiga veto. Mi nilikua namtetea mtu huyu kazini.

Deni la taifa ndo usiseme. Aliingia likiwa karibu trilioni 20 akaondoka likiwa karibu trilioni 28, na korona haielezi yote kwa sababu lilikua linapanda hata kabla. Sasa limepita 35 na kwenye kampeni hakuna anayelitaja, kila akisimama mahali anatangaza msamaha mwingine wa kodi.

Alafu kuna yale ya 2022, aliandika kwamba eti udanganyifu wa uchaguzi unaruhusu kusitishwa kwa kanuni zote hata zilizomo kwenye katiba. Nikasoma mara mbili. Mhafidhina asipohifadhi katiba anahifadhi nini? Na Pence aliyekua makamu wake, mtu mcha Mungu, mhafidhina kuliko wote waliokuwepo mle ndani, alifanya wajibu wake Januari 6, 2021 akaidhinisha ushindi wa Biden na leo kwenye chama hana hata pa kukaa. Na mwaka huu siku chache kabla ya Pasaka tukauziwa Biblia kwa dola 59.99. Sitaki kusema zaidi hapo, iliniuma.

Na yale ya Springfield Ohio, Wahaiti wanakula mbwa na paka za watu, kasema kwenye mdahalo Philadelphia mbele ya dunia nzima. Wale ni watu weusi wenye lafudhi wanaofanya kazi viwandani na kwenda kanisani jumapili, ukinitoa mimi jina ukaniweka pale hakuna atakayejua tofauti. Mwanangu wa kati alikuja kuniuliza kama na sisi tutasemwa hivo. Sikua na jibu la maana.

Kwa Harris wa Democrat sasa sina hata pa kushika. Machi mwaka huu alikwenda kutembelea kliniki ya kutoa mimba kule St. Paul, Minnesota, hakuna makamu wa rais wala rais aliyewahi kufanya hivo kabla yake. Jumanne hii kaulizwa kwenye tivii ya NBC kama atakubali kulegeza chochote, kwa mfano kuwaachia wenye imani zao, akasema hadhani kwamba panatakiwa kulegezwa. Kwahiyo nesi Mkatoliki afanyeje? Na mwishoni mwa 2018 akiwa seneta alimtumia maswali mtu aliyeteuliwa kuwa jaji, akimhoji kuhusu uanachama wake wa Knights of Columbus, chama cha wanaume Wakatoliki, kwa sababu chama hicho kinapinga kutoa mimba. Mi ni mwanachama wa hao Knights hapa parokiani, tunakaanga samaki ijumaa za kwaresma na kununulia watoto makoti ya baridi. Leo nimpe kura mtu aliyeona sisi ni kasoro ya kumhoji nayo jaji? Na walipomuuliza angefanya nini tofauti na Biden akasema hakuna kinachomjia akilini. Hali ya mpakani, bei zilivyopanda, hakuna.

Papa Francis naye mwezi uliopita akirudi kutoka Singapore aliulizwa kwenye ndege akasema wote wawili wako kinyume na uhai, anayefukuza wahamiaji na anayeua watoto, akasema mtu achague lenye ubaya mdogo na kila mmoja aamue kwa dhamiri yake. Nimeshaamua kwa dhamiri yangu mara kadhaa na kila asubuhi naamka na jibu tofauti.

Kwenye group letu la WhatsApp wananiambia ukiacha wazi umempa Harris. Kazini mwenzangu ananiambia ukiacha wazi umempa Trump. Kura moja haiwezi kuwapa wote wawili jamani. Na hapa ni Pennsylvania sio Wyoming ambako mshindi anajulikana mapema, tuna kura 19 za wajumbe wanaomchagua rais, 2016 Trump alishinda kwa kura kama elfu 44 na 2020 Biden akashinda kwa kama elfu 80, kwahiyo siwezi kujifariji kwamba yangu haina uzito.

Nyie wenzangu mnaofanana na mimi mnafanyaje? Mnachagua ubaya mdogo, mnaacha wazi, au mnaandika jina?

Baba_Prisca

Mangi salaam. Niko Dallas, nilipiga kura jumatatu siku ya kwanza kabisa ya kura za mapema, nimempa Trump na nimelala vizuri. Nakuheshimu kaka ila hapa naomba nikubishie.

Umesema unajali mtoto aliye tumboni. Sawa. Roe, ile hukumu iliyoruhusu kutoa mimba nchi nzima, ilikaa miaka 49, tangu 1973. Katikati hapo tulikua na marais waungwana, watu wa kuonyesha watoto kama unavyotaka. Reagan mwungwana, Bush baba mwungwana. 1992 ikaja kesi ya Casey, tena imetoka hukohuko kwenu Pennsylvania, na mahakama ilikua na majaji wanane kati ya tisa walioteuliwa na Republican. Nani waliiokoa Roe siku ile? O'Connor na Kennedy wa Reagan, na Souter wa Bush. Hao ndo matunda ya waungwana wako. Alafu akaja huyu mtu mwenye mdomo mchafu, akaweka Gorsuch, Kavanaugh na Barrett, na Juni 24, 2022 wote watatu wakapiga kura ya kuifuta. Wote watatu bila kukosa hata mmoja! Daktari akinifanyia operesheni nikapona siendi kuuliza nyumbani kwake anaongeaje.

Ilani ni karatasi tu Mangi, hakuna anayeisoma baada ya Novemba. Majaji wanakaa maisha yao yote. Thomas ana miaka 76, Alito ana 74. Jiulize nani atawateua watakaokaa kwenye viti vyao, na usiniambie utaandika jina la mtu ambaye hata asilimia moja hafiki.

Hiyo ya Springfield hata mimi haikunipendeza, nilizima tivii. Ila mimi simchagui awe rafiki yangu. Na Papa kasema ubaya mdogo, hajasema ukae nyumbani.

EldoATL

Nimesoma hii yote pole pole na nimesikia uchungu wa Mangi kwa sababu ni wangu pia. Mimi ni Mkenya, niko Atlanta, nimelelewa kanisa la AIC (Africa Inland Church), nimeolewa kanisani, sinywi, sipendi hii mambo ya kutoa mimba na sipendi venye shule zinafundisha watoto vitu wazazi hawajui. Kwa hivyo msinijie na ati mimi ni liberal.

Lakini nilishapiga kura early na nimepigia Harris. Huko chini nimechagua Republican karibu wote. Wacha niwaambie ni kwa nini.

Nimetoka Eldoret. Desemba 2007 tulikuwa tunangoja matokeo kama watu wengine, na kilichofuata mnakijua, watu zaidi ya 1,100 walikufa, na pale Kiambaa watu walikuwa wamekimbilia kanisani na wakachomwa humo ndani, wengi wakiwa akina mama na watoto. Nilijua watu wa hapo. Haikuanza na panga, ilianza na wakubwa kukataa kuamini kuhesabiwa kwa kura na kuambia watu wao mmeibiwa. Baba Prisca hapo unaongea juu ya majaji lakini majaji wanasimama juu ya kitu, wanasimama juu ya watu kukubali kwamba aliyeshindwa ameshindwa.

Sasa mimi nimekuja Amerika nikidhani hiyo nimeiacha. Januari 2, 2021 rais aliyeko ofisini anapigia simu Raffensperger, huyo ndiye anasimamia uchaguzi hapa Georgia, tena ni Republican, anamwambia amtafutie kura 11,780. Biden alikuwa ameshinda na 11,779. Nilisikiliza ile simu yote kwa gari nikiwa parking ya kazi nikaanza kutetemeka mikono, si mchezo. Siku nne baadaye ikawa vile mliona. Na wenye walisimama imara ni nani? Raffensperger, gavana wetu Kemp, Pence. Wahafidhina watupu. Hao ndio watu wangu, hao ndio chama changu, na hao ndio walitukanwa.

Sitasema Harris ni mzuri. Hiyo maneno ya kukataa hata manesi waachiwe dhamiri yao mimi ni nesi na imenikasirisha sana, nitaandikia seneta wangu na nitasimama kortini ikibidi. Lakini sheria mbaya unaweza kwenda kortini nayo, unaweza kungoja miaka minne uwatoe. Mtu ambaye hakubali kutoka, utamtoa na nini?

Mangi mimi sikuambii ufanye kama mimi. Lakini usiniambie hizi mbili zinalingana kwa uzito, kwa sababu mtu wa Rombo hajaona kile mtu wa Eldoret ameona.

Baba_Prisca

Dada pole kwa yaliyowapata, nasema kutoka moyoni. Ila Marekani sio Kenya ya 2007, taasisi zilishika na yule bwana aliondoka Januari 20. Na wanaokufa kila mwaka tumboni ni wengi kuliko vita yoyote, hao nani anawahesabu?

EldoATL

Taasisi zilishika juu ya watu, na hao watu sasa hawako. Pence hayuko kwa tiketi. Hiyo ndio point yangu.

Mukongo_KY

Jambo bandugu. Miye natoka Bukavu, sasa niko Louisville. Sina bado uraia kwa hiyo sitapiga kura, lakini maneno ya Mangi inanigusa sana. Sisi bakristu ba Kongo benye tuko huku, ukituuliza juu ya jamaa, juu ya mimba, juu ya kanisa, tuko wahafidhina kabisa. Batu ba Republican bangetupata bure.

Lakini mama yangu mudogo alibakia mu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Dosye yake ya kuletwa Marekani ilikuwa imeisha karibu yote. Trump akapunguza wakimbizi mpaka kwa mwaka 2021 akaweka mwisho 15,000 kwa dunia nzima, dosye ikalala. Biden akaweka 125,000, na ule mwaka ulioisha mwezi wa tisa waliingia zaidi ya 100,000 na Bakongomani ndo walikuwa wengi kuliko inchi yote. Mama mudogo alifika, anaimba kwaya hapa. Sasa munaniambia nani anatetea uhai? Miye naona kila mumoja anatetea nusu. Ule mutu wa kutetea yote hakuna ku karatasi, na mi sina hata iyo karatasi.

Mangi, pigia kura hata kwa siye benye hatuna.

Mzee_wa_Erie

Vijana mmeongea vizuri, na mmeongea kwa adabu, jambo ambalo siku hizi ni adimu. Mimi ni Mtanzania wa zamani, niko Erie, hapahapa Pennsylvania kwa Mangi, na siku ya uchaguzi huwa nafanya kazi ya ukarani kituoni. Nina mambo ya kusema kwa Mangi, mengine ya moyo na mengine ya karatasi.

Kura yangu ya kwanza niliipiga Mwanza 1975. Mgombea urais alikuwa mmoja, Mwalimu, na karatasi ilikuwa na Ndiyo na Hapana. Mfumo wa chama kimoja ulikuwa na matatizo yake siutetei, lakini walikuwepo waliosema Hapana na Hapana zao zilihesabiwa na kutangazwa. Huku hakuna Hapana, isipokuwa Nevada, wao tangu miaka ya sabini wanayo sehemu ya kusema simtaki yeyote kati ya hawa. Februari mwaka huu kwenye mchujo wao wa Republican ambao Trump hakuwemo kwenye karatasi, Nikki Haley, mpinzani wake ndani ya chama, alishindwa na hiyo sehemu, asilimia 63 kwa 30 na kitu. Sisi Pennsylvania hatuna, lakini tuna mstari wa kuandika jina, na mtu akiacha nafasi ya rais wazi kura zake nyingine zote zinahesabiwa kama kawaida. Hilo watu wengi hawalijui, wanakaa nyumbani wakidhani karatasi yote itaharibika. Kinachoharibu nafasi ya rais ni kuchagua wawili.

Na hauko peke yako. Aprili mwaka huu kwenye mchujo wetu Haley alikuwa ameshajitoa zaidi ya mwezi, na bado watu zaidi ya 150,000 wa Pennsylvania walitoka nyumbani kwao wakampigia. Pat Toomey, seneta wetu wa Republican mpaka juzijuzi, mtu wa bajeti na soko huria kama unavyotaka wewe, mwezi uliopita kasema hadharani hatampigia Trump wala Harris. 2016 Bush mdogo, rais mzima wa zamani, aliacha nafasi ya rais wazi, na Kasich akiwa gavana wa Ohio aliandika jina la seneta McCain. Hao si watu wanaokimbia wajibu.

Kwa upande wa Kanisa, maaskofu wa Marekani wana waraka wao wa wapiga kura wa tangu 2007, aya ya 36. Unasema wagombea wote wakiwa na msimamo unaounga mkono ubaya wa asili, mpigakura anaweza kuchukua hatua isiyo ya kawaida ya kutompigia yeyote, au akishatafakari sana ampigie anayeonekana hataendeleza ubaya huo sana na anaweza kufanya mema mengine. Njia zote mbili zipo. Kwa hiyo anayekuambia ni dhambi kuacha wazi hajausoma, na anayekuambia ni dhambi kuchagua naye hajausoma.

Sasa Mangi nikuambie kitu ambacho sioni mtu amekigusa. Mmekaa mnabishana juu ya mstari wa kwanza wa karatasi. Baada ya ile hukumu ya 2022 sheria ya mimba inatungwa Harrisburg, makao makuu ya jimbo letu, na baraza la wawakilishi la jimbo letu linashikiliwa kwa 102 kwa 101. Kiti kimoja! Watu wameacha kuulizana mwakilishi wao ni nani kwa sababu ya kumwangalia Trump kwenye simu. Mwanasheria mkuu wa jimbo naye anachaguliwa mwaka huu. Na tangu sheria ya 2019 hatuna tena kile kitufe cha kuchagua chama chote kwa mpigo, lazima ushuke jina kwa jina, na mimi kituoni naona watu wanachagua rais na seneta wanaondoka.

Hata hapo kwenye seneti angalia historia. Baba Prisca kataja kesi ya Casey. Huyo Casey alikuwa gavana wetu, Mdemokrat aliyepinga kutoa mimba mpaka kesi ikabeba jina lake, na 1992 chama chake kikamnyima nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu wao. Mwanawe ndiye seneta Bob Casey mliye naye kwenye karatasi mwaka huu. Aliingia akisema anatetea uhai kama baba, na 2022 akapiga kura pamoja na wenzake kuunga mkono sheria ya kuirudisha Roe. Kwahiyo hili la chama kumla mtu wake polepole sio la Republican tu, nimeliona pande zote mbili nikiwa kwenye jimbo hilihili.

Mangi_PA

Shikamoo Mzee, na asanteni wote, nimesoma kila kitu na mama watoto nimemsomea pia.

Baba Prisca, majaji watatu nakubali, sikatai na sitakataa, nilishukuru siku ile na mpaka leo nashukuru. Ila angalia baada ya hapo. Kansas wakapiga kura ya maoni Agosti 2022 tukashindwa, Ohio Novemba 2023 tukashindwa, na hayo ni majimbo yetu. Badala ya chama kwenda kuongea na watu, kuwasaidia akina mama wanaojifungua wakiwa hawana kitu, kikasema basi hili linatupotezea kura tulifiche. Mwaka jana mimba zilizotolewa nchi hii zilipita milioni moja, zaidi ya nusu kwa vidonge, na kwenye mdahalo na Biden mwezi wa sita Trump kasema vidonge hatavizuia. Kwahiyo unaniambia nilipie deni la 2022 kwa mtu ambaye 2024 ananiambia waziwazi hilo jambo amemaliza nalo. Na ilani unayosema ni karatasi, mbona miaka yote hiyo tulikua tunapigania kila neno lake? Chama kikijua kura yangu ni yake hata kikifuta mstari wangu, mstari hautarudi, 2028 haurudi na 2032 haurudi. Hiyo ndo hesabu yangu na haina uhusiano na kumchukia mtu.

Dada wa Eldoret, umenisema ukweli. Mi sijaona mliyoyaona, na ndo maana Trump nimeshindwa kumpa. Ila kumpa Harris mkono wangu unakataa, kwa sababu yale ya kulegeza hapana ameyasema mwenyewe wiki hii wala hakulazimishwa, na nikimpa kura atahesabu kwamba nimekubali. Hakuna mahali pa kumwandikia kwamba hii nimekupa kwa ajili ya Pence.

Mkongomani ndugu yangu, mama mdogo karibu sana Marekani, na lile la kila mmoja anatetea nusu nitalibeba.

Mzee, sikujua kabisa hiyo ya 102 kwa 101. Nimeenda kumtafuta mwakilishi wangu sasa hivi na nimegundua wagombea wote wawili wa eneo langu sijawahi hata kusoma wanasema nini. Kesho baada ya misa nitakaa na karatasi nianzie chini kwenda juu, seneti nampa McCormick wa Republican, mwanasheria mkuu nitasoma kwanza. Kwenye rais naelekea kuandika Peter Sonski wa American Solidarity Party, wanatetea mtoto tumboni na mama yake na mhamiaji kwa pamoja, na najua hatashinda, sihitaji kuambiwa. Je hiyo ya kuandika jina kwa kura ya posta ni sawa na kituoni? Maana karatasi ya posta ninayo hapa tayari.

Mzee_wa_Erie

Marahaba. Ni sawa kabisa, chini ya majina ya wagombea wa rais kuna nafasi tupu, andika jina vizuri lisomeke na ujaze kile kiduara cha pembeni yake kama kipo. Alafu karatasi iingie kwanza kwenye bahasha ya ndani ya siri, usiisahau hiyo, bila hiyo kura inakataliwa. Bahasha ya nje saini na uweke tarehe ya siku uliyosaini, sio tarehe yako ya kuzaliwa, watu wanakosea sana hapo. Ifike ofisi ya kaunti kabla ya saa mbili usiku siku ya uchaguzi, na kufika maana yake kufika, muhuri wa posta hausaidii. Mimi ningekushauri uipeleke kwa mkono.

EldoATL

Mangi nimeheshimu hiyo. Bado nafikiri Pennsylvania si mahali pa kufanya hivyo lakini nimeheshimu.

Baba_Prisca

Mi sijakubali hata kidogo. Kura elfu 44 Mangi, umezitaja mwenyewe. Ila McCormick umefanya vema, na huyo wa Harrisburg mpigie simu umuulize mwenyewe msimamo wake usisome vipeperushi tu.

Mangi_PA

Nitampigia jumatatu.